Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa kaunti yetu: turudishieni ukuta wa soko

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi,
Kwa wakuu wa idara za mazingira, utamaduni, biashara na barabara, ambako barua yetu ya kwanza ilizunguka bila kupata mwenyewe,

KUH: PICHA ZA WATU WETU ZILIZOFUTWA USIKU KWENYE UKUTA WA SOKO

Waheshimiwa,

Salamu kwanza, natumai mko wazima nyinyi na familia zenu. Hii maneno ningependa tuimalize ofisini kama watu wazima lakini imekataa, ndio maana naiweka hapa wazi kila mtu asome. Barua tuliandika, tena kwa adabu zote, ikapelekwa kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala tunayo. Mazingira wakasema hayo ni mambo ya utamaduni, utamaduni wakasema ukuta ni wa soko kwa hivyo tuone watu wa biashara, biashara wakasema amri ilitoka kwa watu wa usalama na usalama si kazi ya kaunti, alafu mwakilishi wetu wa wadi akatuambia "nimeskia, wacha niifuatilie" na tangu hiyo siku simu yake inaita tu hadi inakatika.

Mimi sina chama na sitafuti kiti. Nina duka dogo la kurekebisha simu hapo steji na huo ukuta nilikuwa nauangalia kutoka nikifungua mpaka nikifunga, kwa hivyo sitawaambia kitu cha kuskia skia.

Kwa wale ambao hawajui tunaongelea nini, ni ule ukuta wa nyuma ya soko unaoangalia matatu. Mrefu, wa mawe, plasta imebambuka upande wa juu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa mbili, kubandikwa karatasi za waganga wa kurudisha mpenzi na kukojolewa. Kaunti yenyewe ilikuwa imeandika pale kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 2000 na watu walikuwa wanakojolea hayo hayo maandishi, samahani kwa lugha lakini nyinyi pia mlikuwa mnapita hapo na madirisha mmefunga. Hakuna siku hata moja ofisi yoyote ilituma mtu na rola kuja kuokoa huo ukuta.

Alafu ikaja Juni 2024. Sina haja ya kuwasimulia, mlikuwepo. Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, vijana barabarani Kenya nzima, tarehe 25 watu wakaingia Bunge, kesho yake Rais akasema hatautia sahihi, na katikati ya hayo yote na wiki zilizofuata kuna watu walipigwa risasi na wengine wakabebwa na magari wasionekane tena kwa siku nyingi, wengine wasionekane kabisa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa 60. Wengine kati yao tulikuwa tunawajua kwa majina ya utani. Siwataji hapa kwa sababu familia zao ndio zina haki ya kuamua majina yao yatembee wapi.

Vijana watatu wa mtaa, wawili wanachora nganya, zile matatu za michoro, huko gereji na mmoja anafundisha sanaa shule ya msingi, wakasema watawachora. Tukachanga. Mama mboga alitoa hamsini, watu wa boda wakaleta ndoo ya rangi nyeupe ya maji, fundi mmoja wa ujenzi akaleta ngazi yake mwenyewe. Ukuta ukasuguliwa na brashi ya waya na sabuni ya unga, na hiyo pekee ilichukua siku nzima kwa sababu ya harufu. Usiku wakaweka projekta juu ya kiti cha pikipiki, stima tukavuta kutoka dukani kwangu, wakafuata mistari ya sura na chaki kabla ya kuweka sprei. Ule mstari wa bluu wa chini kabisa uliokuwa umepinda pinda ulichorwa na watoto wa darasa la nne, ndio urefu wao ulifika.

Siku moja akaja mama wa mmoja wao. Sote tukanyamaza, tukajua atalia. Akasimama, akaangalia sana, akasema huyu si mwanangu, mwanangu alikuwa na pengo hapo mbele, nyinyi mmempatia meno ya mtu wa tangazo la dawa ya meno. Watu wakacheka, yeye pia akacheka, na mchoraji akapanda ngazi akaling'oa lile jino na rangi nyeusi hapo hapo, mama akimwelekeza kutoka chini, kushoto, hapana, kushoto kwake si kwako. Baada ya hapo ilikuwa kila Jumapili akitoka kanisani na wenzake lazima wapite, anasimama dakika mbili tatu, anagusa pale kwenye bega la mtoto wake, wanaendelea na stori zao.

Na tangu zile sura zipande, waheshimiwa, hakuna mtu alikojoa pale tena. Hata walevi. Mlinzi wa soko ni shahidi.

Sasa mwaka huu, usiku mmoja, lori likaja na watu wa rola. Mlinzi akauliza, akaambiwa ni amri kutoka juu. Asubuhi ukuta ulikuwa rangi ya krimu kutoka mwanzo hadi mwisho, koti moja, ya haraka, hata plasta iliyobambuka hawakuigusa, kazi mbovu kiasi kwamba mvua ikinyesha ile krimu inalowa na macho yanaanza kuonekana chini yake. Ngazi ya fundi iliyokuwa kwa mlinzi ikabebwa, na makopo ya rangi yaliyobaki pia. Vijana wawili wakaenda kuuliza kwa upole ni nani aliamua, wakashikwa, wakalala ndani, asubuhi wakaachiliwa bila kushtakiwa na kosa lolote. Wiki chache baadaye pale pale likabandikwa tangazo la kubeti, jekundu, kubwa kuliko sura zote zilizokuwa pale.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hakuna aliyetuambia kitu, si kabla si baadaye. Katiba ya 2010 Kifungu cha 47 inasema mtu akiumizwa na uamuzi wa ofisi ya umma ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sisi tumeumizwa, tumeuliza, hakuna maandishi. Hata jina la aliyetoa amri hakuna, ni "juu" tu, na juu kuna watu wengi. Kama kulikuwa na barua ya kazi, lori liliwekwa mafuta, wafanyakazi walilipwa ovataimu ya usiku, basi kuna karatasi mahali. Hiyo karatasi ni yetu pia, ilinunuliwa na pesa za maegesho tunazolipa kila siku hapo soko.

2. Kuta zingine zote ziko vile zilivyokuwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndio panauma zaidi. Tembeeni kutoka steji hadi hospitali muone, kila nguzo ina sura ya mtu anayetafuta kura 2027, tabasamu juu ya tabasamu, gundi juu ya gundi, na uchaguzi bado uko mbali. Hizo hazina kibali na kila mtu anajua hazina kibali. Oktoba 2025 Baba, Raila Odinga, alipotuacha, mambo yalikuwa mazito, mji mzima ulilia, mimi nilifunga duka, na kabla hajazikwa Bondo tayari kulikuwa na sura yake kubwa imechorwa kwenye ukuta wa barabara kuu, hakuna aliyeomba ruhusa, na waheshimiwa wengine mlienda pale mkapigwa picha mkaziweka mtandaoni na maneno ya huzuni. Ilikuwa sawa kabisa! Mtu aliyefungwa miaka mingi bila kesi kwa ajili ya demokrasia ya hii nchi anastahili kuta zote. Swali langu ni dogo tu, kama mwananchi anaruhusiwa kumlilia mkubwa ukutani bila kibali, kwa nini asiruhusiwe kumlilia jirani yake? Walichora mafundi wale wale. Rangi ilinunuliwa duka lile lile. Hiyo ya Baba bado iko, na msiiguse tafadhali, nisije nikaandika hapa alafu mkaenda kuifuta ati mmeleta usawa.

3. Makaburi yako mbali. Nyinyi mnajua vile sisi watu wa mji tunazikwa, mwili unasafirishwa ushago, huko kuna shamba na kaburi na mgomba pembeni. Wale vijana walikulia hapa. Marafiki zao, watu waliocheza nao mpira, wasichana wao, kinyozi wao, dereva aliyekuwa anawabeba bure, hao wote hawana nauli ya kwenda huko na hata wakienda ni boma la watu hawawajui. Ukuta ndio ulikuwa mahali pao. Tarehe 25 Juni watu walikuja na mishumaa, wakaweka maua kwenye chupa za soda zilizokatwa, wakaimba, wakaenda nyumbani kabla ya saa tatu. Hakuna jiwe lilirushwa. Mkifuta hapo hamjafuta mchoro peke yake, mmewaambia watu hawana pa kwenda.

4. Kumbukumbu za serikali zinachelewa sana. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na sanamu yake pale Nairobi ikazinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili, na mjane wake Mukami akafariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi la mumewe. Tom Mboya alipigwa risasi Julai 1969 katikati ya mji, sanamu yake ikasimama Oktoba 2011. Piga hesabu hapo. Wale waliowalilia hao watu kwa uchungu wa kwanza wengi wao hawakuziona hizo sanamu. Sasa wananchi wakijifanyia wenyewe, kwa pesa yao, wakati mama bado yuko hai wa kusema jino lilikuwa wapi, mnaona ni utovu wa nidhamu. Kwani tungesubiri hadi 2074 ndio waziri fulani akuje na mkasi akate utepe?

Na hii si kitu ilianza jana na Gen Z, msidanganyane huko ofisini. Baada ya uchaguzi wa 2007, Kibera ikiwaka, msanii anayejiita Solo 7 alikuwa anatembea akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na mabati, hadi leo watu wanakumbuka hayo maandishi kuliko hotuba za wakati huo. Mwaka 2012 kina Boniface Mwangi na wachoraji wenzake waliamka usiku wakachora katikati ya Nairobi, barabara ya Muindi Mbingu, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai amekaa kwenye kiti amemkanyaga mwananchi, na pembeni orodha ya maovu yote tangu 1963, watu wakawa wanasimama na mikoba yao asubuhi wakisoma kabla ya kuingia kazini. Mwaka 2020 George Floyd alipouawa Minneapolis, mchoraji wa kwetu anayejulikana kama Mr. Detail.Seven alimchora Kibera na neno HAKI pembeni, na dunia nzima ikaonyesha ile picha, na sisi tuliokuwa hapa tulielewa vizuri kwamba hakuwa anaongelea Marekani peke yake, manake Machi mwaka huo huo mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi ya polisi wa kafyu akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Na nganya je? Mwaka 2014 wenye matatu walikuwa wanasumbuliwa na polisi kwa sababu ya michoro, hadi Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasema hadharani waachwe kwa sababu hiyo ni kazi ya vijana. Kwa hivyo sanaa ya barabarani hapa Kenya ina wazee wake na ina historia yake, na mara nyingi imesema mapema kile wakubwa walikuja kukubali baadaye.

Sasa sababu zenu. Zingine tumeshaziskia kwenye korido, zingine tunajua ziko njiani.

Mtasema hatukuwa na kibali. Tuliomba! Barua ya kuomba kibali iko na muhuri wenu kama hii nyingine, hakuna aliyesema ndio na hakuna aliyesema hapana, na kanuni zenu za matangazo zinaongelea biashara, ukubwa wa bilbodi na ada yake kwa mwaka. Hakuna fomu ya mtu anayetaka kumkumbuka marehemu. Afisa mmoja aliniambia tujaze ile ya bilbodi tulipe ada, nikamuuliza kwenye sehemu ya "bidhaa inayotangazwa" tuandike nini, akafunga faili.

Mtasema ni uchochezi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina, na kinataja pia mipaka yake, propaganda ya vita, kuchochea fujo, matamshi ya chuki. Pale ukutani kulikuwa na sura, jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Basi. Hakukuwa na jina la polisi yeyote, hakukuwa na chama, hakukuwa na tusi, na hizo ndizo zilikuwa sheria walizojiwekea wenyewe kabla ya kufungua kopo la kwanza. Kama mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa ni uchochezi basi anzeni na mawe ya makaburini. Tena Agosti 2025 Serikali yenyewe ilitangaza jopo la kushughulikia fidia za waathiriwa wa maandamano. Mtu ambaye Serikali inasema alipwe fidia, picha yake inakuwaje hatari kwa usalama?

Mtasema tunatumiwa na wanasiasa. Hii ilinichekesha. Mwanasiasa alikuja kweli, na gari mbili, akasema atanunua rangi yote ya kumalizia na atalipa vijana vizuri ila ile fremu ya pembeni iwe rangi za chama chake na chini liwekwe jina lake herufi ndogo tu. Wakamkatalia. Kijana mmoja akamwambia mheshimiwa ukifa pia tutakuchora, subiri zamu yako, na yule mzee kusema ukweli alicheka akaenda.

Mtasema kesi ziko mahakamani. Ziko, na zinakaa. Hakuna jaji atakayeamua kesi kwa kuangalia ukuta wa soko letu.

Mtasema ni usafi wa mji, kuna wageni wanakuja. Nimeshawaambia habari ya mkojo. Nendeni mkanuse saa hii pale chini ya tangazo la kubeti alafu turudi kwa hiyo mada ya usafi.

Na kuna ile hofu ambayo hamtaiandika popote lakini ndio kubwa, kwamba hawa wakiachiwa ukuta mmoja kesho watataka mji wote. Cairo walifikiria hivyo. Pale mtaa wa Mohamed Mahmoud karibu na Tahrir wasanii walichora sura za waliokufa, wakiwemo mashabiki wa mpira zaidi ya 70 waliouawa uwanjani Port Said Februari 2012, na Septemba mwaka huo usiku ukuta ukapakwa rangi. Wasanii wakarudi karibu mara moja wakachora upya, na umati ulikuja kuangalia kuliko mwanzo. London wameenda njia nyingine. Machi 2021 familia za waliokufa na Covid zilianza kuchora mioyo myekundu kwenye ukuta wa kando ya mto Thames, mkabala kabisa na Bunge lao, moyo mmoja kwa kila aliyekufa, sasa ni zaidi ya 200,000, na kuna watu wa kujitolea wanaoenda kupaka upya ile inayofifia. Ni lawama kwa serikali, kila mbunge akitoka nje anaiona ng'ambo ya maji, na Bunge lao bado liko, halijaanguka. Sisi hata hatukuomba ukuta wa mbele ya ofisi zenu. Tuliomba wa nyuma ya soko.

Tunaomba nini basi. Nitasema moja moja ili asije mtu akasema hatukueleweka.

Kwanza, tupewe kwa maandishi jina la ofisi iliyotoa amri, sheria iliyotumika na gharama iliyolipwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Tunahesabu kutoka leo. Zikiisha bila jibu tutaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na tutaleta pia ombi rasmi kwenye Bunge la Kaunti chini ya Kifungu cha 37, sahihi tumeshaanza kukusanya hapo steji na daftari linajaa.

Pili, lile tangazo la kubeti litolewe. Hatuombi kaunti ichore kitu, hatuombi hata shilingi ya rangi, na tafadhali msituletee msanii wenu wa kandarasi aje achore njiwa na bendera. Tunaomba ukuta ubaki wazi na vijana waachwe warudi mchana, watu wakiona, bila askari wa kaunti kuwazunguka. Picha za mwanzo tunazo kwenye simu, na familia zimekubali.

Tatu, wekeni utaratibu. Mchoro wa kumkumbuka mtu usifutwe bila notisi ya siku 30 kubandikwa pale pale na familia kuitwa. Ukuta ukiwa unabomolewa kweli, au plasta inarekebishwa, tutaelewa, tutakuja wenyewe na ngazi. Na mkiwa mnaandika huo utaratibu andikeni pia kuta gani za umma zimeachiwa wachoraji, hata tatu nne kwa kila wadi, ili hawa vijana waache kufanya kazi kama wezi. Wale wa gereji wana mikono ambayo mkiwaitia kazi ya kurembesha shule na zahanati hamtajuta, lakini hiyo ni hiari yenu na isigeuzwe kuwa bei ya kunyamaza.

Nne, wale wawili waliolala ndani waombwe msamaha. Najua hiyo ni ngumu kwenu. Hata kwa mdomo itatosha, ila iwe mbele ya wazazi wao.

Tano, ngazi. Ni ya mbao, hatua kumi, moja imefungwa na waya, na fundi mwenyewe anaihitaji kwa kazi yake ya kila siku na sasa anakodi ya jirani. Tumeambiwa iko stoo ya kaunti nyuma ya yale magari mabovu, pamoja na makopo yetu, na moja la rangi nyeusi lilikuwa halijafunguliwa. Tunaomba kujua ni saa ngapi tuje tuchukue na tukuje na kitambulisho cha nani.

Wenu kwa heshima,

Mkazi, mlipa kodi na mwenye duka hapo steji,
kwa niaba ya familia na majirani waliotia sahihi

Nakala: Mwakilishi wetu wa wadi (kwa ukumbusho), mwenyekiti wa soko, na wachoraji